Kuzaa Si Kazi, Kazi ni Kulea: Kumbukumbu ya Mama Kevina

Wahenga walinena kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Maneno haya husemwa katika arusi na katika sherehe za ubatizo, watu wakaitikia kwa vichwa, kisha wakayaacha pale pale penye karamu. Lakini huko Nkokonjeru, katika Wilaya ya Buikwe nchini Uganda, liko kaburi moja linaloufafanua msemo huo kuliko hotuba yoyote. Amelala humo mwanamke ambaye hakuolewa wala hakujaliwa mtoto wa tumboni mwake, naye hata leo anatajwa kwa jina moja tu: Mama Kevina.

Kaburi hilo lina kisa chake. Mwanamke huyo alifia Marekani, mwezi Oktoba 1957, akazikwa Ireland alikozaliwa. Haikupita miezi miwili kabla ya mwili wake kuondolewa katika udongo wa kwao na kusafirishwa hadi Uganda, kwa sababu watu wa huku walikataa kabisa mama yao alale mbali nao. Ni jambo gani basi alilolitenda mgeni huyo, hata watu wadai mwili wake kama familia inavyodai mwili wa mzazi wake?

YATIMA ALIYELELEWA NA BIBI

Jina lake la nyumbani lilikuwa Teresa Kearney. Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875, karibu na mji wa Arklow, katika Wilaya ya Wicklow nchini Ireland. Baba yake alifariki kwa ajali kabla yeye hajazaliwa. Alipofika umri wa miaka kumi, mama yake naye akafariki, na mtoto akabaki yatima kamili. Aliyemchukua ni bibi yake mzaa mama, aliyejulikana kama Bibi Grenell.

Hapa ndipo penye mzizi wa habari yote. Bibi huyo alikuwa Mkatoliki mwenye imani thabiti, na ndiye aliyempa mjukuu wake msingi wa dini uliomwongoza maisha yake yote. Hakuwa na elimu kubwa ya kumwachia wala mali ya kumrithisha. Binti alipotaka kusomea ualimu, karo ya chuo ilikosekana, ikambidi aanze kama mwalimu msaidizi. Bibi naye akafariki wakati mjukuu angali msichana. Kwa mara ya tatu nyumba ikamfungia mlango.

Mwaka 1895, akiwa na umri wa miaka 20, Teresa alijiunga na masista wa Mtakatifu Fransisko huko Mill Hill, London. Mwaka 1898 akapewa jina la kitawa la Sista Maria Kevin. Alijitolea kwenda Marekani kuwatumikia watu weusi wa nchi ile, akangoja miaka mitatu bila kuitwa. Ndipo Askofu Henry Hanlon wa Wamisionari wa Mill Hill, aliyekuwa Uganda tangu 1895, alipoomba masista. Tarehe 3 Desemba 1902 masista sita waliondoka London, na tarehe 15 Januari 1903 wakafika Nsambya, Kampala. Sista Kevin alikuwa na miaka 27. Msomaji na aishike vizuri tarehe ile ya 3 Desemba, maana itarudi mwishoni.

CHINI YA MWEMBE

Ingefaa kusema ukweli kuhusu zama zile. Zilikuwa zama za ukoloni. Kanisa Katoliki la Uganda lilihesabiwa na wengi kuwa ni dini ya Wafaransa, na Uingereza ilipenda waonekane pia Wakatoliki wanaosema Kiingereza. Masista wale waliletwa pia kwa sababu hiyo. Lakini mama mwenye mtoto anayeungua kwa homa haulizi siasa za mataifa. Huuliza kama dawa ipo.

Nchi ilikuwa katika msiba. Ugonjwa wa malale ulikuwa ukifagia pwani za Ziwa Viktoria, na Busoga ilikuwa miongoni mwa mahali palipoumia zaidi. Yakadiriwa kuwa katika miaka ishirini ya mwanzo ya karne ile, zaidi ya watu 200,000 walipoteza maisha kwa ugonjwa huo nchini Uganda. Vijiji vilibaki mahame, na watoto walibaki bila baba, bila mama, bila shangazi wa kuwapokea.

Zahanati ya kwanza ya masista hawa haikuwa na kuta. Ilikuwa chini ya mwembe, hapo Nsambya. Watu walikaa kivulini, na Sista Kevin pamoja na wenzake wakaosha vidonda, wakagawa dawa chache walizokuwa nazo, wakasikiliza. Mwaka 1906 walifungua kituo cha pili huko Nagalama. Mwaka 1910 yeye akawekwa kuwa mkuu wa nyumba ya masista. Mwaka 1913, walipofika masista wengine watatu kuongeza nguvu, walifungua kituo cha tatu, na safari hii walivuka Mto Nile na kuingia Busoga, mahali paitwapo Kamuli, kaskazini ya Jinja. Kila kituo kilikuwa na mambo mawili ambayo hayakutenganishwa: matibabu na shule.

MGANGA WA WAPAGAZI

Askari wanaosoma habari hizi, pamoja na wake zao, hawana budi kuikumbuka sehemu inayofuata. Ilipozuka Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1914, Waafrika walichukuliwa kwa maelfu kuwa wapagazi wa majeshi ya Uingereza katika vita vya kupigana na Wajerumani wa Tanganyika. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, nasi Waswahili tumelihifadhi jina hilo katika mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, na mtaa wa Kariokor, Nairobi. Hawakubeba bunduki. Walibeba chakula, risasi na majeruhi wa wengine, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, kuhara, homa na uchovu, mara nyingi bila jina kuandikwa popote.

Hospitali ya Nsambya iligeuzwa kuwa mahali pa kuwatibu wapagazi hao. Wanaume waliokuwa wamebaki mifupa mitupu waliletwa kwa Sista Kevin, naye akawauguza kama mama anavyomuuguza mwanawe. Kwa kazi hiyo, serikali ya Uingereza ilimtunuku nishani ya MBE mwaka 1918. Wapagazi hawakuwa na nishani ya kumpa. Waliporudi makwao walirudi na habari zake.

MLANGO ULIOKUWA UMEFUNGWA

Kulikuwa na jambo moja lililomsumbua kuliko yote, nalo ni vifo vya wanawake wakati wa kujifungua. Leo mtu aweza kushangaa, lakini kanuni za Kanisa za siku zile hazikuwaruhusu masista kufanya kazi ya ukunga. Mtawa aliweza kumtibu mama mwenye homa, lakini uchungu ulipomshika, ilimpasa amwachie mwingine. Na huko vijijini mara nyingi huyo mwingine hakuwapo.

Mama Kevina hakuvunja kanuni wala hakunyamaza. Alitafuta njia mbili kwa wakati mmoja. Njia ya kwanza ilikuwa kuwafundisha wasiofungwa na kanuni hiyo. Baada ya vita, akisaidiana na daktari mlei mwanamke, Evelyn Connolly, alianzisha huko Nsambya mafunzo ya uuguzi na ukunga kwa mabinti wa nchi. Njia ya pili ilikuwa kuomba. Yeye na wengine waliokuwa wakiona mambo yale yale katika nchi nyingine waliendelea kuwaeleza wakubwa wa Kanisa hali ilivyo. Mwaka 1936 Roma ilitoa maagizo mapya, na masista wakaruhusiwa kusomea na kufanya kazi ya uzazi. Ilikuwa imepita miaka 33 tangu siku ile ya mwembe. Subira ya namna hiyo haifundishwi darasani. Yatima huyu aliipata kwa bibi yake.

Kutokana na kazi hizi, jina lake liligeuka kuwa neno la kawaida. Watu walipotaja "kevina", walimaanisha hospitali au nyumba ya huruma. Ni wazazi wangapi duniani ambao jina lao limekuwa neno lenye maana ya kuponywa?

NYENGA NA BULUBA

Katika miaka ya 1930 Mama Kevina aliwageukia watu waliokataliwa hata na ndugu zao, yaani wagonjwa wa ukoma. Mwaka 1932 kilianzishwa kituo cha Nyenga, ng'ambo ya Jinja upande wa magharibi wa Nile. Mwaka 1934 kikafuata kituo cha Buluba, upande wa mashariki, katika nchi ya Busoga. Kwa hiyo mji wa Jinja ukawa katikati ya nyumba mbili za watu waliofukuzwa majumbani mwao.

Siku hizo dawa ya kuaminika haikuwapo. Mgonjwa wa ukoma alijengewa kibanda mbali na mji, akatupiwa chakula kama anayelishwa mnyama. Kumpokea mtu wa namna hiyo, kumwosha na kumwita kwa jina lake, kulikuwa nusu ya matibabu.

Mwaka 1951 alifika Buluba daktari mwanamke kutoka Polandi, Wanda Błeńska. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa katika jeshi la siri la nchi yake lililopigana na Wanazi, na alipata kufungwa kwa ajili hiyo. Huko Buluba alitumika kwa miongo kadhaa, akajenga sifa ya hospitali hiyo, akawafundisha wengine. Aliwapima wagonjwa kwa mikono mitupu, bila glovu, ili waone kwamba hawaogopwi. Naye pia aliitwa mama, Mama wa Wenye Ukoma, hata alipofariki mwaka 2014 akiwa na umri wa miaka 103.

Ni vema akina mama wa nyumbani wajue kwamba ukoma wa leo si ule wa mwaka 1934. Tangu miaka ya 1980 hutibiwa kwa mchanganyiko wa dawa, na mgonjwa hupona kwa matibabu ya miezi sita hadi kumi na miwili. Anapoonekana mtoto au mtu mzima mwenye baka la ngozi lililopauka au kuwa jekundu, ambalo halisikii anapoguswa au anapochomwa na kitu, apelekwe hospitali mapema, kabla vidole na macho havijadhurika. Kumficha ni kumlemaza.

MABINTI NA WAJUKUU

Mama mwema huwaandaa watoto wake waweze kuishi bila yeye. Mwaka 1923, akiwa na mabinti wanane wa Kiafrika, Mama Kevina alianzisha Shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko. Walikuwako waliodhani kwamba msichana wa Kiafrika hawezi kuwa mtawa, sembuse mwalimu au muuguzi wa kutegemewa. Wanane wale walijibu kwa kazi. Leo shirika lao, ambalo nyumba yake kuu iko Nkokonjeru, linafanya kazi Uganda, Kenya na Tanzania, katika shule, hospitali na nyumba za watoto.

Mwaka 1942 ikaanzishwa shule ya wasichana ya Mount Saint Mary's, Namagunga, iliyo katika barabara kuu ya kutoka Kampala kwenda Jinja. Miongoni mwa waliosoma hapo ni Daktari Specioza Wandira Kazibwe, binti wa Iganga katika Busoga, aliyesomea udaktari Makerere na kuwa Makamu wa Rais wa Uganda kuanzia 1994 hadi 2003. Kwa hiyo mkulima aliyeuza pamba ili binti yake avae sare hakutupa fedha zake.

Kwa miaka mingi nchi yote hii ya mashariki, tangu Nsambya kupitia Jinja hadi Mbale na miteremko ya Mlima Elgon, ilikuwa chini ya wamisionari wale wale wa Mill Hill. Wamisionari hao walikuwa na misheni huko Nyondo, karibu na Mbale. Baadaye Kanisa likagawanywa: Tororo, ambayo Mbale imo ndani yake, ikawa jimbo mwaka 1953 na jimbo kuu mwaka 1999, Jinja nayo ikawa jimbo mwaka 1966. Mipaka ya maaskofu ilibadilika, lakini namna ya kulea haikubadilika.

Anayepita leo barabara ya kutoka Jinja kupitia Iganga na Tirinyi hadi Mbale atawaona warithi wa malezi hayo, ingawa hawajaandikwa popote. Ni bibi aamkaye kabla ya jogoo ili awahi Misa ya alfajiri, rozari ikiwa imefungwa katika ncha ya kitambaa. Ni mama wa mlimani anayechuma kahawa, akatenga kwanza fedha za shule, kisha sadaka, kisha chumvi na mafuta ya taa, na khanga yake mwenyewe ikangoja msimu mwingine. Ni mwanamke ambaye jioni huwakusanya watoto kwa Salamu Maria, mdogo akasinzia katika fumbo la tatu naye asimgombeze. Unapofika mwezi wa Juni, yeye hujiunga na mahujaji watembeao kwa miguu siku nyingi kwenda Namugongo kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda, mguu ukivimba, wimbo haukomi.

Na ugonjwa wa Ukimwi ulipowachukua vijana wa Uganda katika miaka ya 1980 na 1990, ni hao hao walioanza kulea upya. Mwanamke aliyekwisha kulea watoto wake saba, akadhani sasa atapumzika, aliletewa wajukuu watano na jirani mmoja yatima juu yake. Serikali ilijitahidi, mashirika yalisaidia, lakini usiku wa manane mtoto alipolia aliyeamka ni bibi. Katika nyumba hizo kisa cha Bibi Grenell wa Wicklow kilirudiwa tena na tena, pasipo mtu kulijua jina hilo.

MAMA HUZIKWA KWA WATOTO WAKE

Mwaka 1952 Mama Kevina aliunda shirika jipya la masista kwa ajili ya Afrika, lenye makao yake Mount Oliver, Dundalk, nchini Ireland. Mwaka 1955, akiwa na miaka 80, aliacha uongozi. Mtu mwingine angeomba kiti cha kuegemea. Yeye alipelekwa Boston, Marekani, nchi ile ile aliyoingoja bure alipokuwa msichana, akawa anatafuta misaada kwa ajili ya kazi za Afrika. Huko akafariki tarehe 17 Oktoba 1957, akiwa na miaka 82. Mwili wake ulipelekwa Ireland, ukazikwa Mount Oliver.

Kwa sheria za dunia, mambo yalikuwa yamekwisha. Alikuwa mtu wa Ireland, akazikwa Ireland, katika nyumba ya shirika lake. Lakini Wakatoliki wa Uganda waliposikia, hawakuridhika. Walitoa ombi rasmi kwamba arudishwe. Kwa mawazo ya mtu wa Afrika Mashariki jambo hilo halihitaji wakili: mama huzikwa palipo na watoto wake, ili wapate mahali pa kupalilia, pa kuwasha mshumaa na pa kuwaonyesha wajukuu. Na jambo la kushangaza ni kwamba Ireland ilikubali. Kaburi lilifunguliwa, mwili ukapandishwa ndege.

Tarehe 3 Desemba 1957 Mama Kevina alizikwa Nkokonjeru, katikati ya mabinti zake, Masista Wadogo. Ilikuwa imetimia miaka 55 kamili, siku kwa siku, tangu alipoondoka London akiwa msichana yatima asiye na nyumba ya kurudi. Mwaka 2016 Jimbo la Lugazi lilifungua rasmi uchunguzi wa maisha yake, hatua ya mwanzo katika safari ndefu ambayo huenda ikafikia kutangazwa mtakatifu, naye sasa huitwa Mtumishi wa Mungu. Roma itaamua kwa wakati wake. Wale waliomzika walikwisha kuamua.

FUNZO KWA FAMILIA

Familia za askari na polisi zina sababu ya kukitafakari kisa hiki. Baba hupewa uhamisho leo Jinja, kesho Mbale, keshokutwa mpakani. Mara nyingi mama hufuatana naye, na watoto wa shule huachwa kwa bibi. Bibi huyo hana cheo wala sare, na jina lake halisomwi kwenye gwaride. Hata hivyo askari mlindoni hupata utulivu kwa kuwa anajua kwamba kuna mtu anayehesabu vichwa vya watoto usiku kabla ya kufunga mlango.

Ingefaa basi kila nyumba ifanye mambo matatu, nayo hayagharimu sana. Kwanza, bibi aliyeachiwa wajukuu asiachiwe na njaa. Fedha za matumizi zitumwe kila mwezi bila kungoja akumbushe, maana wengi wao huona haya kuomba. Pili, apelekwe hospitali apimwe shinikizo la damu na macho yake akiwa bado anatembea, kuliko kununuliwa jeneza la thamani. Tatu, watoto wakae naye wamwulize habari zake: alizaliwa wapi, nani alimlea, vita na njaa aliviponaje, nao waandike katika daftari majibu hayo pamoja na tarehe. Habari za Mama Kevina zinajulikana kwa sababu masista waliandika. Bibi wengi wa Jinja na Mbale wamekwenda na vitabu vyao vyote vifuani.

Bibi Grenell hakuiona Afrika. Alimpokea mtoto mmoja wa miaka kumi, akamlisha, akamfundisha kusali, akafa. Hakujua kwamba katika mtoto yule alikuwa akiwalea wapagazi wa Kariakoo, wazazi wa Kamuli, wakoma wa Buluba na wasichana wa Namagunga. Bibi anayempokea mjukuu leo huko Iganga au kwenye miteremko ya Mlima Elgon naye hajui. Anachojua ni kwamba mtoto amekuja, na uji haujapikwa.